Siku saba za kusubiri bunduki: kisa cha maduka ya kambi za jeshi la Marekani

Machi 2022 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Lloyd Austin, aliunda kamati huru ya kuchunguza vifo vya wanajeshi wanaojiua na nini kifanyike. Bunge lilikuwa limeshaiagiza wizara hivyo kupitia sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2022. Kamati iliongozwa na mwanasaikolojia Gayle Iwamasa. Ilizuru Fort Campbell kwenye mpaka wa Kentucky na Tennessee, Camp Lejeune huko North Carolina, North Island karibu na San Diego, Nellis na Creech huko Nevada, kambi za Alaska, na Camp Humphreys nchini Korea Kusini. Tarehe 24 Februari 2023 ripoti ikatoka na mapendekezo 127.

Mengi yalikuwa ya utawala wa kila siku: wataalamu wa afya ya akili waajiriwe upesi, mishahara isicheleweshwe, pombe ipunguzwe kambini, mabweni na intaneti viboreshwe. Hayo hayakuzua ubishi mkubwa. Yaliyowasha moto ni yale machache yaliyogusa bunduki za watu binafsi. Kamati ilitaka mtu anayenunua bunduki kwenye duka lolote lililo katika mali ya Wizara ya Ulinzi asubiri siku 7 kabla ya kukabidhiwa. Akishakabidhiwa, asubiri siku 4 nyingine kabla ya kuuziwa risasi. Umri wa kununua bunduki na risasi katika maduka hayo upandishwe hadi miaka 25. Anayeishi katika nyumba za jeshi asajili bunduki zake zote na kuzifungia kwenye sefu au kwa kifaa kingine cha kufuli. Silaha binafsi zibanwe mabwenini. Na Bunge lifute sheria ya mwaka 2011 inayoizuia wizara kukusanya taarifa za bunduki za wanajeshi wake.

Mwishoni mwa Septemba 2023 Austin alitoa waraka wa utekelezaji. Sehemu kubwa ya ripoti ilipita, lakini vikwazo vya kununua bunduki na risasi havikuwemo.

Tukiliangalia jambo hili kwa karibu, tunaona kwamba kiini cha kukwama kwake ni hiki: mahali ambapo wizara ina mamlaka kamili sipo mahali ambapo bunduki nyingi za wanajeshi zilipo. Kambini wizara ingeweza kuamua kesho asubuhi, na bado sehemu kubwa ya hatari ingebaki nje ya geti. Nje ya geti, sheria imeifunga mikono. Yeyote anayejadili siku saba bila kuweka ramani hiyo mezani atazipa sifa zisizostahili au atazibeza bila haki.

Jeshi na bunduki zake lenyewe

Kuna jambo wageni wengi hawalijui. Ndani ya kambi ya Marekani, askari wa kawaida hatembei na silaha ya kazi. Bunduki hukaa kwenye ghala la silaha la kikosi, limefungwa, lina mlinzi wa zamu au king'ora, na kila moja ina namba yake kwenye daftari. Askari huitoa kwa kukabidhi kadi yake ya risiti ya silaha, na huirudisha siku hiyo hiyo au zoezi likiisha. Risasi hukaa mahali pengine kabisa. Hutolewa kwenye uwanja wa shabaha kwa hesabu, na maganda hukusanywa baada ya mazoezi. Kabla ya kuondoka, kila mmoja hupekuliwa na kutamka kwamba hana ganda wala risasi. Ikikosekana bunduki moja, kambi nzima inaweza kufungwa hadi ipatikane.

Kwa hiyo jeshi linafahamu vizuri sana namna ya kuweka muda na umbali kati ya mtu, silaha na risasi. Bunduki zake lenyewe zinalindwa kwa tabaka tatu: kufuli, saini, na risasi zilizotengwa. Lakini katika baadhi ya maduka ya kambi hiyo hiyo, askari wa miaka 20 aliweza kununua bunduki ndefu na boksi la risasi kwa malipo mamoja, bila kodi ya mauzo, akaondoka navyo. Hapo ndipo kamati ilipoweka kidole. Kwa maoni yetu, hii ndiyo hoja yake yenye nguvu kuliko zote, na inasikitisha kwamba mjadala wa hadharani uliipita haraka ukakimbilia katiba.

Vifo vyenyewe vinaonyesha hivyo. Mwaka 2023 wizara ilihesabu wanajeshi 523 waliokufa kwa kujiua, na 363 kati yao walikuwa kwenye utumishi wa kudumu. Mwaka uliotangulia hao wa utumishi wa kudumu walikuwa 331. Katika kundi hilo takriban vifo viwili kwa kila vitatu huhusisha bunduki, na bunduki hizo kwa wingi mkubwa ni mali binafsi, si za serikali. Wengi wa wanaokufa ni wanaume, askari wa vyeo vya chini, chini ya miaka 30. Umri wa miaka 25 haukuokotwa hewani.

Mnunuzi akiwa kaunta

Tuchukue mnunuzi wa mfano: askari wa miaka 22, kambi iliyo katika jimbo lisilo na muda wa kusubiri. Anaingia duka la kambi na kitambulisho cha kijeshi. Anachagua bastola. Anajaza fomu ya serikali kuu namba 4473, inayomuuliza kama amewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa, kama anatumia dawa haramu, kama ana hukumu ya ukatili wa nyumbani, kama amewahi kulazwa kwa amri kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Muuzaji anapeleka majina kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI. Jibu la "endelea" kwa kawaida huja baada ya dakika chache. Jibu likichelewa, sheria ya serikali kuu inamruhusu muuzaji kukamilisha mauzo baada ya siku 3 za kazi.

Angekuwa chini ya miaka 21, asingeweza kununua bastola kwa muuzaji mwenye leseni, ila bunduki ndefu tu. Na tangu sheria ya Juni 2022, ukaguzi wa vijana wa umri huo unaweza kurefushwa hadi siku 10 za kazi pakionekana jambo la kufuatilia. Aliyefikisha miaka 21 hana breki hiyo.

Zingatia kitu kimoja kwenye fomu ile. Hakuna swali linalogusa usiku wa jana. Askari aliyepokea karatasi za talaka, aliyeitwa na kamanda kuhusu adhabu ya kinidhamu, au aliyepoteza mshahara wa mwezi kwenye kamari atapita ukaguzi bila shida, kwa sababu si mhalifu na hana rekodi hospitalini. Mivutano ya mapenzi, matatizo ya kazini na mashauri ya nidhamu hujitokeza mara kwa mara katika taarifa ambazo jeshi hukusanya kuhusu vifo hivi. Ukaguzi wa FBI unachuja historia ya mtu. Hali yake ya leo haichujwi na yeyote.

Chini ya pendekezo la kamati, askari yule asingeuziwa kabisa kambini hadi afikishe miaka 25. Mwenzake wa miaka 27 angelipa leo, angechukua bastola siku ya saba, na risasi angezipata siku ya kumi na moja. Hakuna anayenyang'anywa kitu hapo, na hakuna anayeulizwa afya yake. Muda pekee ndio unaoongezwa.

Kwa nini muda una thamani

Utafiti wa Houston uliochapishwa mwaka 2001 ulihoji vijana 153 wa miaka 13 hadi 34 walionusurika baada ya jaribio zito la kujiua. Karibu robo yao walisema kati ya kuamua na kutenda hazikupita hata dakika tano. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotoka mwaka 2002 yaliwafuatilia watu waliowahi kujidhuru wakanusurika, na takriban tisa katika kila kumi hawakufa baadaye kwa kujiua. Ukiziweka taarifa hizi mbili pamoja, picha inakuwa wazi: wimbi linaweza kuwa kali na fupi, na anayevuka wimbi kwa kawaida huendelea kuishi. Tatizo la bunduki ni kwamba haimpi mtu nafasi ya kughairi. Ndiyo maana Craig Bryan, wakati huo wa Ohio State University na mmoja wa wajumbe wa kamati, alisisitiza siku ripoti ilipotolewa kwamba kupunguza kasi ya kufikia silaha ndiyo hatua yenye ushahidi imara zaidi.

Kuhusu ununuzi wenyewe, ushahidi bora unatoka California. Utafiti wa mwaka 1999 ulifuatilia watu walionunua bastola mwaka 1991 ukakuta kwamba katika wiki ya kwanza baada ya ununuzi, kiwango chao cha kujiua kwa bunduki kilikuwa mara 57 ya kile cha wananchi kwa jumla. California tayari ilikuwa na muda wa kusubiri, kwa hiyo kusubiri hakuondoi hatari yote. Lakini takwimu hiyo inaonyesha kwamba kuna watu wanaonunua wakiwa ndani ya dhoruba, na hao ndio siku saba zinaowalenga. Utafiti wa majimbo yote uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba sheria za kusubiri huenda pamoja na upungufu wa vifo vya kujiua kwa bunduki wa asilimia 7 hadi 11.

Sasa upande wa pili, ambao watetezi wa siku saba hawapendi kuugusa. Utafiti mkubwa wa California wa mwaka 2020, uliofuatilia watu milioni 26.3, ulithibitisha kwamba hatari huwa juu kabisa mara tu baada ya mtu kupata bastola yake ya kwanza. Lakini katika wamiliki waliokufa kwa kujiua kwa bunduki, asilimia 52 walikufa zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuipata. Kwa hao, hata mwezi mzima wa kusubiri dukani usingebadilisha lolote. Bunduki ilikuwa imeshaingia nyumbani zamani.

Mifano ya kijeshi inayotajwa sana ni miwili. Jeshi la Israeli mwaka 2006 liliamuru askari waache silaha kambini wanapokwenda nyumbani mwisho wa wiki. Vifo vya kujiua vilishuka kwa asilimia 40, na upungufu ulionekana hasa siku za mwisho wa wiki huku siku za kazi zikibaki karibu vilevile. Uswisi ilipopunguza jeshi lake kwa nusu kuanzia mwaka 2003, bunduki za serikali zilizokaa majumbani zilipungua, na vifo vya kujiua vya wanaume wa miaka 18 hadi 43 vikapungua pia. Watafiti walikadiria kwamba ni asilimia 22 tu ya upungufu wa vifo vya bunduki iliyofidiwa na vifo vya njia nyingine. Hilo linajibu hoja ya zamani kwamba "aliyeamua atatafuta njia." Wachache hutafuta, wengi hawatafuti.

Tahadhari hapa ni ya lazima. Israeli na Uswisi zilizuia silaha za serikali zisiende nyumbani. Marekani silaha inayotumika ni mali ya askari mwenyewe, aliyoinunua kwa fedha zake, na haki ya kuimiliki imo katika Marekebisho ya Pili ya katiba. Kanuni ya afya ni ileile, lakini kitasa kiko mkononi mwa mtu mwingine. Anayenukuu asilimia 40 za Israeli kana kwamba duka la kambi lingezaa matokeo hayo anapotosha.

Ramani ya sheria

Sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2011, kifungu cha 1062, ilipigiwa debe na Seneta James Inhofe wa Oklahoma baada ya kanuni za Fort Riley huko Kansas kuwataka askari wasajili hata bunduki walizoweka nje ya kambi. Kifungu kinamkataza Waziri wa Ulinzi kupiga marufuku, kuweka sharti au kukusanya taarifa kuhusu bunduki halali za wanajeshi na watumishi wa kiraia wa wizara zilizo nje ya kambi na nje ya mali ya wizara. Makamanda walilalamika. Jenerali Peter Chiarelli, aliyekuwa naibu mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu, alikuwa miongoni mwa waliosema hadharani kwamba sheria hiyo iliwafunga midomo hata mbele ya askari aliye hatarini. Sheria ya mwaka wa fedha 2013 ikalegeza: mtaalamu wa afya au kamanda anaweza kuuliza kuhusu bunduki akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba mtu huyo anaweza kujiua au kuwadhuru wengine.

Soma kifungu cha 2011 polepole. Mali ya wizara imeachwa nje ya katazo. Duka la kambi liko juu ya mali ya wizara. Kwa hiyo siku 7 za kusubiri, siku 4 za risasi na masharti ya sefu kwa nyumba za jeshi havikugongana na kifungu hicho. Makamanda tayari hudai usajili wa bunduki zinazoingia kambini, na askari wa Jeshi la Nchi Kavu anayeishi bwenini tayari hutakiwa kuweka silaha yake binafsi kwenye ghala la kikosi. Kulihitajika uamuzi, si sheria mpya. Mpaka wa miaka 25 ungeweza kupelekwa mahakamani, hilo ni kweli. Lakini siku saba hazikuwa na uzito huo, na kuzifunga kwenye furushi moja na miaka 25 ilikuwa hesabu mbaya ya kisiasa. Waliopinga walipata neno moja la kurudia, kwamba kijana anapewa bunduki ya vita akiwa na miaka 18 kisha ananyimwa ya kuwindia akiwa na 24, na furushi lote likaanguka.

Tukiulizwa tuyapange kwa thamani, tungeweka sefu na usajili wa nyumba za kambini mbele, siku 7 nyuma yake, umri baadaye, na siku 4 za risasi mwisho. Risasi za kawaida zinauzwa kwenye maduka ya michezo na ya uwindaji karibu na geti lolote. Askari aliyekabidhiwa bastola siku ya saba angeweza kupata boksi nje siku hiyo hiyo.

Na nje ya geti ndiko kisa kinakoharibika. Sheria za majimbo hazilingani. Askari aliye Joint Base Lewis-McChord, karibu na Tacoma, anaishi katika jimbo la Washington, ambalo tangu Januari 2024 linamtaka mnunuzi asubiri siku 10 za kazi. San Diego, California, ni siku 10. Fort Carson iko Colorado, ambako siku 3 zilianza Oktoba 2023. Lakini Fort Campbell inapakana na Clarksville, Tennessee, na si Tennessee wala Kentucky yenye muda wa kusubiri. Texas, Georgia na Alaska hazina. North Carolina ilikuwa na kibali cha sherifu kwa anayenunua bastola, na Bunge la jimbo likakifuta mwisho wa Machi 2023, mwezi mmoja baada ya ripoti ya kamati. Korea Kusini, kwa upande mwingine, sheria za nchi hubana sana silaha za watu binafsi. Askari akihamishwa kutoka Washington kwenda Tennessee, sheria inayomhusu hubadilika naye, kwa kuwa serikali kuu humhesabu mwanajeshi kuwa mkazi wa jimbo la kituo chake cha kudumu.

Kwa hiyo kanuni ya kambini peke yake ingekuwa haina kazi Tacoma, na kule Clarksville ingeweza kukwepwa kwa mwendo mfupi wa gari. Hiyo ndiyo hoja nzito ya wapinzani, na haipaswi kupuuzwa. Jibu letu ni kwamba si kila mtu huendesha gari. Bei isiyo na kodi na ukaribu wa duka ndiyo faida ambazo kambi inauza, na zingekuwa hazina maana kama watu wasingezijali. Mtu aliye katikati ya wimbi hushindwa na vikwazo vidogo ambavyo siku ya kawaida asingeviona. Lakini tusidai zaidi ya hapo. Familia nyingi za wanajeshi zinaishi mitaani, nje ya kambi, na bunduki zao nyingi zilinunuliwa zamani au mahali pengine.

Kazi inayobaki kwa kikosi

Dukani pakishaachwa kama palivyo, mzigo unahamia kwa sajenti, mke, mume na rafiki. Hili linawahusu wasomaji wa Kiswahili kuliko wanavyodhani. Mpango wa kuandikisha wageni wenye lugha adimu, ulioendeshwa kuanzia mwaka 2009 hadi uliposimamishwa mwaka 2016, uliweka Kiswahili katika orodha yake, na Wakenya wengi na majirani zao wamevaa sare za Marekani tangu wakati huo. Wengi wao walikulia katika nyumba zisizo na bunduki, na wake au waume zao hawajui hata kuifungua wakague kama ina risasi.

Sefu ndiyo ushauri wa kwanza wanaopewa, na sefu ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Kufuli la kebo linalogawiwa bure kambini hupitishwa ndani ya bunduki isiyo na risasi ili isiweze kujazwa na kufyatuliwa. Linamzuia mtoto na mwizi mwenye haraka. Halimzuii mwenye ufunguo. Hivyo hivyo sefu ya namba: kama aliye katika shida ndiye pekee anayejua namba, sefu imelinda nyumba nzima isipokuwa yeye. Kinachofanya kazi ni kubadili namba, au kumpa mtu mwingine ufunguo, na risasi kuwekwa chini ya kufuli tofauti au kuondolewa nyumbani kabisa.

Bora zaidi ni silaha kutoka nyumbani kwa muda. Mazungumzo ya kufikia hapo yana mpangilio wake, na yakianza na "lete bunduki yako" huvunjika papo hapo, kwa sababu askari husikia adhabu. Anza na tukio analolijua kila mtu: talaka, shauri, msiba. Uliza moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Kisha uliza bunduki zipo ngapi na ziko wapi, ukihesabu ile ya kwenye gari, ambayo husahaulika. Muulize yeye nani anamwamini kuzishika. Kubalianeni tarehe, mfano wiki tatu, ya kukaa tena kuzungumza. Tarehe ndiyo inayomfanya akubali, kwa sababu anaona hapokonywi. Anayebeba silaha awe anajua kuiondoa risasi na kuikagua, na akikuta mwenyewe amelewa au ameishika, asijaribu kumnyang'anya. Aite msaada na asimwache peke yake kama ni salama kubaki.

Pa kuipeleka pana mitego. Kumkabidhi rafiki kunahitaji ukaguzi wa FBI katika baadhi ya majimbo, na mengine yana msamaha kwa makabidhiano ya muda ya kuzuia kifo. Baadhi ya maduka ya bunduki na vituo vya polisi hupokea silaha kwa hifadhi, na Colorado ina ramani ya maeneo hayo tangu mwaka 2019. Ghala la kikosi linaonekana kuwa jibu rahisi, lakini hufunguliwa kwa saa chache, na makaratasi yake hupita kwa kamanda. Askari anayeogopa kuonekana dhaifu hatakwenda huko. Ataacha bastola kwa rafiki wa mtaani au kwenye gari. Kikosi kinachotaka ghala litumike hutangaza saa maalumu za kupokea silaha binafsi na huacha kuuliza sababu.

Asiyetaka kupitia kwa kamanda ana njia mbili. Ya kwanza ni simu ya msaada ya kuzuia kujiua, 988, kisha kubonyeza 1, saa zote, au ujumbe kwa 838255. Ya pili ni Sheria ya Brandon, iliyotiwa saini Desemba 2021 na kuwekewa sera Mei 2023. Mwanajeshi anamwambia msimamizi yeyote wa cheo cha juu ya E-5 (ngazi ya sajenti katika Jeshi la Nchi Kavu) kwamba anaomba tathmini ya afya ya akili. Halazimiki kueleza kwa nini, na msimamizi anatakiwa kumpeleka haraka iwezekanavyo.

Sehemu ambayo vikosi vingi havijaiandika ni kurudisha. Bunduki imetoka nyumbani, wiki tatu zimepita, mwenyewe anaitaka. Kwa silaha iliyo kwenye ghala la kambi, kamanda ana sauti. Ikiwa iko kwa rafiki nje ya kambi, ni mali halali ya askari na rafiki hana haki ya kuizuia kwa kuwa tu ana wasiwasi. Kwa hiyo masharti yaandikwe siku ya kukabidhi, mwenyewe akiwa ametulia: nani atakuwepo siku ya kuirudisha, kama mke au mume lazima akubali, na kama siku hiyo hali bado ni mbaya, tarehe inasogezwa kwa muda gani. Karatasi hiyo haina nguvu mahakamani. Hata hivyo askari wengi huheshimu saini yao, na rafiki mwenye karatasi mkononi hupata la kusema mlango ukigongwa.